Kipima oksijeni cha kidoleni: nimetembea nacho kutoka Kigoma mpaka Horombo

Naanza na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Kwenye duka la dawa nililonunua, hapa Mwanga mjini Kigoma, kijana alianzia 45,000, tukaelewana 40,000. Ndani ya boksi unakuta kifaa chenyewe, kamba ya kuvaa shingoni, na karatasi ya maelekezo ya Kichina na Kiingereza, Kiswahili hakuna. Betri unajinunulia, mbili zile nyembamba za rimoti. Ni kile kifaa cha kubana kidoleni ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa korona. Unakiminya nyuma kinafunguka, unaingiza kidole, taa nyekundu inawaka ndani, unasubiri kidogo, zinatoka namba mbili. Moja ni asilimia ya oksijeni kwenye damu, nyingine ni mapigo ya moyo.

Mimi nilikinunua kwa kazi ambayo yule kijana wa dukani hakuwahi kuulizwa. Nilipomwambia ni kwa ajili ya utumbo alinitazama, akasema, "Mama, hiki ni cha mapafu." Yuko sahihi, na bado nafurahi nilikinunua. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa natafuta habari hizi kwa Kiswahili sikukuta mtu aliyeziweka pamoja, na najua huku kwetu tuko wengi wenye tumbo hili tunaoambiwa kila siku ni amiba.

Nina kolaiti ya vidonda. Watu wakisikia vidonda wanafikiria vidonda vya tumbo vya kawaida, vile vya kunywa dawa ya asidi. Huu ni mwingine. Utumbo mpana unavimba na kuchubuka kwa ndani kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia. Ugonjwa ukiamka unashinda chooni, damu na ute, na ile haja ya ghafla isiyosubiri mteja dukani kwangu amalize kuchagua kitenge. Ukilala, unaweza kupitisha miezi ukijiona mzima kabisa. Ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika sehemu yoyote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa. Hospitali niliyoanzia walinitibu amiba, wakarudia amiba, wakahamia taifodi, mpaka nilipopelekwa Mwanza nikaingizwa kamera ndipo jina la ugonjwa likapatikana. Sasa hivi nipo kwenye dawa ya kuutuliza ugonjwa na nimetulia. Hapo kwenye kutulia ndipo penye thamani yangu yote, na ndipo swali la milima lilipoingia.

Mume wangu ni Mchagga wa Marangu. Mnajua Desemba ya Wachagga: hata awe wapi, lazima arudi. Mimi Muha wa Kigoma nimezoea ziwa, na Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kijijini kwao ni karibu mara mbili ya hapo. Kijijini penyewe hapajawahi kunisumbua. Mwaka huu mashemeji zangu wakaja na mpango wa familia kupanda Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu: kituo cha Mandara kwenye mita 2,720, Horombo kwenye 3,720, na wenye nguvu waendelee Kibo na kileleni, mita 5,895. Mume wangu, Baba Neema, alitaka twende wote. Nikamwambia nitamuuliza kwanza daktari wangu.

Daktari hakunikatalia. Aliniuliza: dawa unameza bila kuruka? Damu imekatika tangu lini? Himoglobini yako, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, mara ya mwisho ilikuwa ngapi? Kisha akaniambia kuna watafiti wa Zurich, Uswisi, waliowahi kulitazama jambo hili kwa wagonjwa kama mimi, nisome, halafu nirudi tuzungumze. Nilisoma.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penyewe. Hewa ya Kilimanjaro ina oksijeni asilimia 21 sawasawa na ya Kibirizi, ufukweni kwetu Kigoma. Kinachopungua huko juu ni mgandamizo. Hewa imelegea, kila pumzi unayovuta inaingia na oksijeni chache zaidi. Usawa wa Horombo unapata kama theluthi mbili ya ile ya pwani, na kileleni karibu nusu. Mapafu yanajitahidi, moyo unakimbia, lakini damu inafika kwenye viungo ikiwa na oksijeni pungufu, na utumbo ni kiungo kinachotumia damu nyingi.

Sasa utumbo mpana wenyewe umezoea shida hiyo kuliko tunavyodhani. Upande wa ndani, kinyesi kinapopita, oksijeni karibu hakuna, na bakteria wanaoishi humo ndivyo wanavyotaka. Seli za ukuta zinapata oksijeni yao kutoka kwenye damu ya upande wa pili, na zenyewe zinaimaliza haraka kwa kuunguza asidi ya butireti ambayo bakteria wanaitengeneza kutokana na nyuzinyuzi za chakula tunachokula. Kwa hiyo hata ukiwa umekaa Ujiji unakula mgebuka, seli hizo zinaishi kwenye uchache. Zina namna yao ya kuhimili: protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwa ya kutosha, HIF inavunjwavunjwa. Oksijeni ikipungua, inabaki hai, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kujihami. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli zinavyoihisi oksijeni, na HIF ndiyo kiini cha kazi hiyo. Kwenye ukuta wa utumbo, HIF inasaidia kuuweka ukuta imara ili vilivyomo ndani visipenye kwenda kwenye nyama.

Ukisikia hivyo unaweza kusema basi mlima ni dawa. Subiri. Uchache huohuo wa oksijeni unaamsha pia njia nyingine ndani ya seli, ile ya kuita uvimbe, wanaiita NF-kB. Watu wenye afya zao waliolala usiku tatu kwenye mwinuko unaozidi mita 3,400 walipimwa damu, ikaonekana kemikali ya uvimbe iitwayo IL-6 imepanda, nao hawakuwa na ugonjwa wowote. Kwa mtu ambaye utumbo wake tayari umevimba, seli za kinga zimejazana hapo zikila oksijeni, mishipa midogo imeharibika, na ukuta una matundu. Ukimpunguzia huyo tena oksijeni, njia ipi itashinda, ya kujihami au ya kuwasha?

Wale wa Zurich mwaka 2014 walitoa hesabu ya wagonjwa 103 wa Crohn na kolaiti. Wakawatenga ambao ugonjwa wao uliamka na waliotulia, wakauliza nani alikuwa amepanda ndege au kufika mita 2,000 na kuendelea katika wiki nne zilizotangulia. Kwa wenye kolaiti kama yangu: kati ya 31 ambao ugonjwa uliamka, 13 walikuwa wamesafiri hivyo. Kati ya 22 waliotulia, ni 3 tu. Niliposoma namba hizo nilikaa kimya dukani, vitenge mbele yangu, nikamwacha mteja akipita.

Halafu nikajisomesha upande wa pili. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vilivyokwenda pamoja, hauonyeshi kimoja kimezaa kingine. Mtu anayesafiri anakula vya njiani, analala vibaya, anaruka dawa, anakunywa maji asiyoyajua. Na mwaka 2017 kundi hilohilo la Zurich lilitoa matokeo ya panya: wale waliowekwa kwenye hewa yenye oksijeni kidogo, uvimbe wa utumbo wao ulipungua. Kwa hiyo sayansi yenyewe haijafunga faili. Daktari wangu aliliweka hivi, na nimelikubali: kama umetulia kweli, una dawa, na huna upungufu wa damu, panda taratibu na ujue pa kugeuzia. Kama utumbo uko macho, baki chini.

Kujua pa kugeuzia, hiyo ndiyo kazi niliyokinunulia kifaa.

Tuje basi kwenye kifaa. Kinapitisha miale ya aina mbili kwenye kidole, mwanga mwekundu na miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazinyonyi miale hiyo kwa kiasi kimoja, na kifaa kinapiga hesabu kutokana na tofauti hiyo kwa kila pigo la moyo. Wazo hili lilitoka kwa Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Ukikijua hivyo unaelewa kwa nini kinadanganyika.

Nilipokipeleka nyumbani nilikuwa nimetoka harusini Ujiji na vidole vina piko, kucha zote nyeusi. Mkono wa kulia kikanipa 91, kikanipa 88, kikanipa vistari. Nikajua siwezi kuwa na 88 nimekaa kwenye mkeka. Kidole gumba cha kushoto ndicho pekee kilichokuwa hakijapakwa vizuri: 97, tena 97, tena 98. Piko na rangi ya kucha vinazuia miale. Dada zangu, kama mnakitaka kwa safari, acheni kidole kimoja kisafi.

Kesho yake nikaenda nacho zahanati, nikamwomba nesi tupime mimi na yeye kwenye mashine yao kisha kwenye changu. Vilipishana namba moja. Nawashauri sana mfanye hivyo kabla hamjalipa, au mkubaliane na muuzaji mtarudisha kikikataa, kwa sababu kwenye maduka vimejaa vya kila namna na vingine vinatoa 98 hata ukikibana kwenye kalamu. Mimi dukani nilikibana kwenye kalamu. Hakikutoa kitu, ndipo nikatoa hela.

Jambo la rangi ya ngozi nalisema wazi kwa sababu karatasi ya maelekezo hailisemi. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walilinganisha vipimo vya kidoleni na damu iliyochukuliwa kwenye mshipa wenyewe. Kati ya waliosomwa kidoleni 92 hadi 96, wagonjwa Weusi ambao damu yao kwa kweli ilikuwa chini ya 88 walikuwa asilimia 11.7, Weupe asilimia 3.6. Yaani kwenye ngozi yetu kifaa kina tabia ya kutupa namba nzuri kuliko ukweli. Mimi ni mweusi wa Kasulu hasa, kwa hiyo kikisema 92 mimi najihesabia chini ya hapo.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote kwa mgonjwa wa utumbo wala siyo ya kutengeneza vibaya. Kifaa hiki kinapima asilimia. Kinakwambia malori yaliyopo barabarani yamejaa kiasi gani, hakikwambii malori ni mangapi. Sisi tunaovuja damu chooni kidogokidogo, na utumbo wenyewe hauvuti madini ya chuma vizuri ukiwa umevimba, tunaishiwa himoglobini bila kujua. Mtu mwenye himoglobini 7 anaweza kubana kidole akasoma 98, akafurahi, na mwili wake una njaa ya oksijeni. Mwaka mmoja ugonjwa ulipokuwa macho nilikuwa nashindwa kupanda ile barabara ya kutoka ziwani kuja Mwanga bila kusimama, midomo imepauka, na nadhani hata siku hizo kifaa kingeniandikia namba ya kupendeza. Kwa hiyo kabla ya kufikiria mlima, toeni damu mpimwe himoglobini. Ni kipimo cha bei ndogo na kinapatikana hata vituo vya afya. Mimi niliondoka Kigoma nikiwa na 12.4, na hiyo namba ndiyo daktari aliyoiangalia kabla ya kusema nenda.

Kuna la moshi wa mkaa pia. Kule ukweni jioni ni baridi, na kuna nyumba wanaingiza jiko la mkaa chumbani. Gesi ya mkaa inashika himoglobini mahali pa oksijeni, na kifaa hakitofautishi, kinasoma 98 wakati mtu anazimia. Kichwa kikiuma chumba kina jiko, toka nje, usibane kidole.

Safari yenyewe. Njia ya Marangu niliikubali kwa sababu moja ambayo mwenye utumbo mzima hawezi kuiwaza: ina vibanda vya kulala na vyoo kwenye vituo. Kutoka getini mpaka Mandara ni kama kilomita 8 msituni, kutoka Mandara kwenda Horombo ni kama 11 na huko miti inaisha, hakuna kichaka cha kujificha. Nilibeba karatasi, maji, nguo ya kubadili, na dawa zangu kwenye mkoba wa mwilini, siyo kwenye mzigo wa mpagazi, maana mpagazi anatangulia saa nyingi mbele yako. Kama una ugonjwa huu usimpe mtu dawa zako.

Marangu kijijini kilisoma 96. Mandara jioni, baada ya kupumzika, 93. Usiku sikulala vizuri, tumbo limejaa gesi. Hilo la gesi ni la kila mtu, mgandamizo wa nje ukipungua hewa iliyomo tumboni inatanuka. Lakini kwa mwenye kolaiti kila mnguruma unautega sikio: ni gesi, au ndio inaanza? Asubuhi haja ilikuwa ya kawaida, bila damu. Nikaendelea.

Horombo ndipo nilipokiona kifaa kazi yake na mipaka yake kwa pamoja. Tulifika mchana, jua kali, namba nyekundu kwenye kioo hazisomeki mpaka ukizibe na kanga. Jioni baridi ikashuka, nikabana kidole: 79. Baba Neema akashtuka, akataka kuita mtu. Kiongozi wetu, kijana mtulivu wa Kilema, akanishika mkono akasema, "Mama, vidole vyako ni barafu. Viweke kwapani kwanza." Nikaviweka huku namsikiliza shemeji akisimulia. Baadaye nikapima: 86. Kiongozi akatoa cha kwake, akanibana kidole cha pembeni: 88. Akaniambia kwa mwinuko ule watu wengi wanakuwa kwenye themanini na kitu, na kwamba yeye namba anaitazama mwishoni. Kwanza aliniuliza kichwa, kama nimekula nikashiba, kama natembea bila kuyumba, kisha kwa upole, akiwa ameinama ili wengine wasisikie, "Na tumbo, mama?" Nilikuwa nimemweleza getini. Naomba kila mwenye ugonjwa huu amweleze kiongozi wake getini. Siyo aibu, na yule kijana alinipangia hata kibanda cha karibu na choo.

Kichwa kilikuwa kinagonga. Mke wa shemeji, kwa mapenzi yake akanipa vidonge viwili vya ibuprofeni, akisema ndivyo kila mtu anavyomeza mlimani. Hapa ndipo nataka mwenye kolaiti au Crohn asimame asome mara mbili. Ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake zinaweza kuuamsha ugonjwa huu hata ukiwa umekaa nyumbani. Mlimani wengi wanazimeza kwa ajili ya kichwa, na ukitoka damu wiki ijayo utasema ni mwinuko. Nilimshukuru, nikameza parasetamoli yangu, nikanywa maji. Ile dawa nyingine wanayopewa wapandaji, asetazolamidi, inakukojoza sana. Mwenye kuharisha anapoteza maji huku na huku, kwa hiyo hiyo ni ya kuongea na daktari wako kabla, siyo ya kupewa kibandani.

Asubuhi kilisoma 85, kichwa bado, uji umenishinda. Tumbo lilikuwa na haja ya haraka, laini, na ute kidogo. Hapo nilikwisha kujiwekea tangu Kigoma: ute ukionekana nageuka, namba iwe ngapi. Wengine wakaenda Kibo. Mimi na wifi yangu mdogo tukashuka na kiongozi msaidizi. Tulipofika Mandara mchana ule kilisoma 92, na chakula nikakila kwa hamu. Ute uliendelea siku kadhaa pale ukweni kisha ukakoma, damu sikuiona. Siwezi kuwaapia ni oksijeni, kwa maana ukweni kulikuwa na mtori, nyama ya ndafu, usingizi wa kukatakata na maneno ya Krismasi. Ninachojua ni kwamba nilishuka mapema na dawa sikuruka, na nimerudi sokoni kwangu nimetulia.

Ndege nayo niseme, kwa sababu wengi wenu milima hamtapanda lakini ndege ya Kigoma kwenda Dar mnapanda. Ndani ya ndege hewa wanaibana isizidi usawa wa mita 2,400 hivi, kwa hiyo ukiwa angani mwili wako uko kama mtu aliyeko njiani kuelekea Mandara. Kidole kwenye kiti kilisoma 94. Ni saa chache, na mimi kwa nilivyo sasa haunitishi mwendo huo. Kinachonishughulisha zaidi ni miguu: wagonjwa wa utumbo uliovimba tuna hatari ya damu kuganda kwenye mishipa kuliko watu wengine, na kukaa bila kujongea kunaiongeza. Kwenye ndege, na zaidi kwenye basi la Kigoma hadi Moshi, simama, nyoosha, kunywa maji hata kama unaogopa choo cha njiani.

Kwa ubora wa kifaa chenyewe: kinawaka haraka, kinajizima chenyewe ukitoa kidole, betri zilezile nilizoweka Kigoma zimerudi Kigoma. Kifuniko cha betri ni hafifu, meno yake yamekatika kona moja, sasa nimekifunga na mpira wa kufungia noti. Kioo hakisomeki juani. Hakihifadhi vipimo vya nyuma, kwa hiyo mimi naandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa mwisho: mahali, saa, namba, haja ikoje. Huo ukurasa ndio daktari aliuomba kuupiga picha niliporudi.

Duka nalo nalisifu. Kijana aliniruhusu kujaribu vitatu na kukibana kwenye kalamu bila kununa, na aliandika risiti yenye muda wa kurudisha. Kilichobaki ni yeye kujua kwamba wateja wa mapafu siyo peke yao.

Nakipa nyota nne kati ya tano kwa msafiri mwenye utumbo uliotulia anayejua kwamba kinapima damu ya kidole na wala hakioni kinachoendelea chini ya kitovu. Kwa mwenye kutoka damu sasa hivi, hiyo 40,000 aipeleke kwenye kipimo cha himoglobini na nauli ya kumwona daktari wa utumbo, kifaa atanunua akitulia. Hapa mjini bei ikizidi 50,000 msitoe, na mkiuziwa kisichokuja na risiti, kiacheni hapohapo kaunta.